Nyuzi Tatu Tupu: Wimbo wa Kwanza wa Kijana Anayejifunza Gitaa

Maneno haya niliyasema jioni moja hapa Morogoro, mbele ya wazazi, walimu wa muziki na vijana wanaoanza gitaa. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka. Nimeruka tu pale nilipokuwa nikipiga badala ya kusema.

Wazee wangu, shikamooni. Wazazi wenzangu, walimu, na ninyi vijana mliokaa kule nyuma na magitaa mapajani, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie jambo linaloonekana dogo. Kijana wa miaka 12, au 13, au 15, amepata gitaa. Aanze na wimbo gani? Wiki iliyopita mama mmoja alinisimamisha njiani, akatoa karatasi na kalamu kwenye mkoba, akaniambia, "Mwalimu, niandikie nyimbo tano tu, nikampe mwanangu." Nilishika kalamu, nikasimama pale juani, nikashindwa kuandika hata mmoja. Nyimbo ninazijua. Ila nilikuwa sijamsikia huyo mtoto akiimba.

Nilimrudishia karatasi yake nikamwomba aniambie kitu kimoja: mwanao akiwa bafuni, au akiosha vyombo, anaimba nini? Mama akacheka, akasema hajawahi kuangalia hilo. Nikamwambia, basi kaangalie wiki nzima, halafu uje. Amekuja leo, namwona pale, na ameniletea nyimbo mbili.

Miaka mingi nilifundisha kinyume cha hivyo. Nilikuwa nikichagua wimbo kwa kutazama vidole: wimbo gani mwepesi, una noti chache, hauumizi. Nilikuwa na mwanafunzi, binti wa miaka 13. Siku ya kwanza nilimuuliza anataka kupiga nini, akataja wimbo wa Bongo Fleva ambao mwaka ule ulikuwa ukisikika kwenye kila daladala na kila duka la simu. Nikamwambia huo si wimbo wa gitaa, huo umetengenezwa kwenye kompyuta. Nikamfungulia kitabu cha mazoezi kilichotungwa Ulaya. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa watoto wa huko, wenye noti tano tu. Mwepesi kweli. Lakini yule binti hakuwahi kuusikia maishani mwake. Alipokosea hakujua kwamba amekosea, maana kichwani hamkuwa na wimbo wa kulinganisha nao. Aliyejua ni mimi, na mimi ndiye niliyemwambia, wiki baada ya wiki: hapana, rudia; hapana, rudia tena. Wiki ya sita hakuja.

Miaka miwili baadaye nilipita kwao kwa shughuli nyingine. Nilimkuta uani anafua, anaimba, sauti imetulia, hata mmoja wa walimu mlio hapa angesimama kumsikiliza. Gitaa lilikuwa limetundikwa sebuleni, limekatika nyuzi mbili. Tulisalimiana vizuri. Habari za gitaa hakuna aliyezigusa, si yeye wala mimi. Nilitoka pale nikijua ni nani aliyelitundika lile gitaa ukutani.

Tangu siku hiyo nimeshika neno moja, nalo ndilo ninalotaka mwende nalo nyumbani: wimbo wa kwanza wa gitaa ni wimbo ambao mtoto tayari anaweza kuuimba peke yake, mwanzo hadi mwisho, bila gitaa. Chagueni kwa koo na sikio kwanza, vidole vitafuata. Mtoto akiwa na wimbo kichwani, sikio lake ndilo mwalimu wake wa kwanza. Akibonyeza pasipo pake, uso unakunjamana mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Anatafuta, anapata, anatabasamu. Mimi nimekaa kimya. Hilo ndilo somo.

Mtaniuliza, je, kama wimbo anaouimba ni mgumu? Ngoja niwaonyeshe.

Tazameni gitaa hili. Lina nyuzi sita. Huu mnene kabisa, ulio karibu na kidevu changu, ni uzi wa sita, nao unatoa noti ya E. Unaofuata, wa tano, unatoa A. Wa nne unatoa D. Sasa, wanakwaya mliomo humu mtanielewa upesi. Nikiiita A kuwa Do, basi D ni Fa, na E ni So. Do, Fa, So. Hayo ni mafiga matatu, na nyimbo tulizokulia nazo, za kanisani, za harusini, za shuleni, nyingi mno zimetengwa juu ya mafiga hayo hayo matatu.

Angalieni tena mkono wangu wa kushoto. Haushiki chochote. Nyuzi hizi tatu zinalia tupu, hazihitaji kubonyezwa popote. Mtoto anakaa, anaishika shingo ya gitaa kama anavyomshika mtoto mchanga shingo, kwa upole tu, na kwa kidole gumba cha mkono wa kulia anapiga uzi wa tano. Do. Mama anaanza kuimba. Mtoto anaendelea na Do hadi sikio lake limwambie kwamba wimbo umehama. Anasimama. "Hapa pamebadilika." Vizuri, umehamia wapi? Anajaribu uzi wa nne. Ndiyo. Au siyo, basi anajaribu wa sita. Baada ya nusu saa, na wakati mwingine chini ya hapo, mtoto ambaye asubuhi hakujua gitaa linashikwaje amepiga wimbo mzima, na mama yake ameuimba juu yake.

Naomba msilipite hilo haraka. Nimeona kijana mkubwa wa miaka 16 akitokwa na machozi kwenye nusu saa hiyo. Si kwamba alichopiga kilikuwa kikubwa. Ni besi tu, zile sauti nene za chini, noti tatu. Ila wimbo ulikuwa mzima, ulianza na ukaisha, na bibi yake aliuimba. Mtoto aliyemaliza wimbo siku ya kwanza anarudi siku ya pili. Aliyepewa nusu ya wimbo, au mazoezi ya vidole yasiyo na wimbo ndani yake, anarudi kwa sababu umemlipia ada, na ada ina mwisho.

Mkono wa kushoto tunauita wiki ya pili. Sasa tunaongeza kodi, yaani noti tatu au zaidi zinazolia kwa pamoja. Shingo ya gitaa imegawanywa kwa vyuma vyembamba, kama muwa ulivyogawanyika kwa pingili, nami nafasi zilizo kati ya chuma na chuma nitaziita pingili, nikihesabu kuanzia kichwani mwa gitaa. Kodi za mafiga yetu ni A, D na E. Walimu, nisikilizeni hapa, maana wengi tunawafundisha kodi ya A kwa vidole vilivyopangana foleni, halafu mtoto akitaka kuhamia D inambidi ang'oe mkono wote. Mpeni hivi: kidole cha kati uzi wa nne, kidole cha shahada uzi wa tatu, kidole cha pete uzi wa pili, vyote pingili ya pili. Mkihama kwenda D, kidole cha shahada hakiondoki, kinabaki pale pale kwenye uzi wa tatu, na vingine viwili ndivyo vinavyohama. Mkienda E, kidole hicho hicho kinateleza kwenye uzi ule ule kurudi nyuma pingili moja. Kwenye kodi zote tatu, kidole cha shahada hakiuachi uzi wa tatu. Mtoto ana pa kushikilia, kama mtu anayepanda ngazi gizani mkono ukiwa ukutani.

Haya, sasa nyimbo zenyewe.

Kwa nyumba za Kikristo, Tenzi za Rohoni ni ghala. Chukueni "Yesu Kwetu ni Rafiki". Nani humu haujui? Mafiga matatu yanautosha, na kila kodi inakaa muda wa kutosha kumpa mtoto nafasi ya kupumua kabla ya kuhama. Ila kuna mtego. Ukichukua kitabu cha nota cha kwaya, utakuta sauti nne, na kodi zinabadilika karibu kila silabi, kwa kuwa nota zile ziliandikwa kwa ajili ya koo nne au kinanda. Mwalimu anayemwandikia mtoto kodi zote zile anamvunja moyo bure. Zisomeni, halafu ziacheni, mbaki na Do, Fa, So. "Cha Kutumaini Sina" nao ni mzuri wiki chache baadaye, kwa sababu unatembea kwa tatu: moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu. Mtoto aliyezoea kuhesabu nne anafunguka akigundua kwamba miguu ya nyimbo hailingani.

Kwa nyumba za Kiislamu kuna kaswida, na watoto wengi wa madrasa wanaimba vizuri kuliko watoto wa kwaya, wana pumzi na wana matamshi. Lakini nyumba nyingine hazipendi kaswida ichanganywe na gitaa, na mwalimu aheshimu hilo bila kubishana. Kaswida nyingi zimejengwa kwa sauti na dufu tu, na hazidai kodi. Kwa mtoto huyo nenda kwenye nyimbo za harusi au za shuleni, na hapo ndipo ninapotaka kusema jambo ambalo vitabu vyetu vya gitaa, karibu vyote vikiwa vya nje, havilisemi. Chakacha, ile ngoma ya pwani ya harusini, inatembea kwa sita: moja-mbili-tatu, nne-tano-sita. Ndivyo zinavyotembea ngoma nyingi za kwetu. Mtoto wa hapa amebebwa mgongoni kwa sita, amerukishwa kwa sita, anapiga makofi kwa sita bila kufundishwa na mtu. Halafu akianza gitaa tunamwambia, hesabu nne, chini-juu, chini-juu. Mwacheni mkono wake wa kulia uende anakokujua. Kama wimbo alionao ni wa sita, aanze na sita. Nne atazikuta, hazikimbii.

Kisha kuna "Malaika". Najua vijana mnaguna. Fadhili William aliurekodi Nairobi, Miriam Makeba akauchukua, dunia nzima ikaujua, na ubishi juu ya mtunzi wake, kama ni Fadhili au ni Adam Salim, haujaisha hadi leo. Mimi nausifia kwa sababu za darasani. Unakwenda polepole. Unapigika kwa kodi tatu. Kila mtu nyumbani anaujua, hata shangazi anayesema hajui kuimba. Na ndani yake mna kijana anayependa na hana mali ya kuoa. Jambo hilo kijana wa miaka 16 analielewa kuliko tunavyodhani. Msimpe kwa kumwambia ni wimbo wa zamani wa heshima. Mpeni kwa kumwambia unahusu nini.

"Jambo Bwana" ya bendi ya Them Mushrooms nayo ni kodi tatu, nayo inajulikana kote. Kwa mtoto wa miaka 10 ni sukari. Kwa kijana wa miaka 15 naomba mwe waangalifu. Kijana wa umri huo anauona ni wimbo wa kupokelea wageni hotelini, na akikutwa na wenzake akiupiga atalificha gitaa chini ya kitanda. Mnaweza kusema ni upuuzi wa ujana. Mimi naona si upuuzi. Mtu wa miaka 15 anajijenga, na kila kitu anachoshika mbele ya wenzake ni tofali. Heshimuni matofali yake.

Hapo ndipo ninaporudi kwa yule binti. Nilimwambia wimbo wake si wa gitaa. Nilikosea, na leo naweza kuonyesha nilikosea wapi. Nyimbo nyingi za Bongo Fleva, hata zile zilizopikwa studio bila uzi hata mmoja kuguswa, zinazunguka kodi nne zile zile kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mduara unaopendwa sana ni huu: A ndogo (huandikwa Am), F, C, G. Tatizo ni F, maana kodi kamili ya F inakutaka ulaze kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita, na hapo ndipo magitaa mengi ya vijana yalipotundikwa. Lakini kuna F nyingine, ya nyuzi nne. Kidole cha shahada uzi wa pili pingili ya kwanza, cha kati uzi wa tatu pingili ya pili, cha pete uzi wa nne pingili ya tatu, na uzi wa kwanza unaachwa ulie wenyewe. Ni laini kidogo kuliko F kamili, ina huzuni kidogo, na kwa nyimbo za mapenzi za vijana inakaa vizuri kuliko ile ngumu. Sasa tazameni: kwenye A ndogo, kidole cha shahada kiko uzi wa pili pingili ya kwanza. Kwenye F hii, pale pale. Kwenye C, pale pale. Kinanyanyuka mara moja tu, kwenye G. Kodi nne, na kwenye tatu kati yake kidole hicho hakihami. Mduara mmoja, na kijana anaimba beti zote, kiitikio, kila kitu, bila kukutana na jambo jipya. Yule binti angeupiga wimbo wake ndani ya mwezi mmoja. Kile kitabu cha Ulaya kingeweza kungoja.

Kwa hiyo mtoto akikuletea wimbo wa leo, usiulize kama una gitaa ndani. Uimbe naye, tafuta besi yake kwa nyuzi nene, uone inazunguka mara ngapi kabla ya kurudi ilikoanzia. Kama maneno yake hayafai, mzazi ana haki ya kusema, na aseme kwa sababu hiyo. Asimsingizie gitaa.

Sasa koo. Hili limesahaulika kabisa kwenye mafunzo yetu, na kwa vijana ndilo zito. Mvulana kati ya miaka 12 na 15 sauti yake inavunjika. Ikimaliza kushuka inakuwa imeshuka karibu oktavo nzima, yaani kutoka Do hadi Do ya chini yake, na katikati ya safari hiyo haijui ilipo. Anafungua kinywa kanisani, inatoka sauti ya mtoto na ya mzee kwa wakati mmoja, wenzake wanacheka, ananyamaza miaka mitatu. Mvulana huyo ndiye anayekuja kwangu na gitaa. Mara nyingi amelikimbilia gitaa kwa sababu ameacha kuimba. Nikimpa wimbo kwenye ufunguo usiomfaa, yaani Do yake ikiwa juu mno au chini mno kwake, koo linakwama, anadhani vidole ndivyo vilivyoshindwa.

Basi kabla ya kodi yoyote, namwambia aimbe mstari mmoja anakojisikia vizuri, kwa chini, kama anayejisemea. Nazitafuta noti zake kwenye gitaa. Wimbo uhamie alipo yeye. Kama A, D na E ziko juu mno, tunashuka tukatumia G, C na D. Kama ziko chini mno, kuna kile kibanio kinachofungwa shingoni mwa gitaa, kapo, kinapandisha nyuzi zote kwa pamoja na vidole vinabaki na maumbo yale yale. Kapo ni kitu kidogo, na kwa msichana mwenye sauti ya juu inaokoa wimbo mzima. Na kama mvulana hataki kuimba kabisa mwezi huu, asilazimishwe. Aimbe dada yake, aimbe baba, yeye apige. Sauti yake itarudi ikiwa imekomaa na itamkuta na gitaa mkononi.

Wazee wa Morogoro, sasa nakuja kwenu, na nawaomba radhi mapema. Mji huu ni mji wa magitaa. Hapa ndipo Salum Abdallah alipoiongoza bendi ya Cuban Marimba, hapa ndipo Morogoro Jazz ilipokuwa ikipiga, hapa ndipo Mbaraka Mwinshehe alipokuwa akilichambua solo mpaka watu wakaacha kucheza wakasimama kumsikiliza. Alifariki mwaka 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa, na bado kuna nyumba mjini hapa ambako jina lake likitajwa mtu anashusha kikombe cha chai. Kwa hiyo naelewa baba anapomletea mtoto wake simu, anamwekea solo la Mbaraka, anamwambia, "Anza na hili." Ni mapenzi. Lakini ni sawa na kumpa mtoto anayejifunza kutembea mlima Uluguru.

Nina njia ya katikati. Bendi za dansi hazikuwa na gitaa moja. Kulikuwa na solo, gitaa linaloimba noti moja moja, kulikuwa na ridhim, gitaa linaloshika kodi na mwendo, wakati mwingine na solo la pili, na kulikuwa na besi. Kila mmoja alibeba kipande chake, na wimbo ulikuwa wa wote. Mpeni mtoto ridhim ya sehemu ya kuimba, ile ya polepole kabla wimbo haujachemka, na sebene, ile sehemu ya kasi ya magitaa, liacheni kwa miaka ijayo. Au mpeni besi kwa nyuzi tupu kama nilivyoonyesha. Baba aimbe. Solo liwe kwenye simu au kwenye mdomo wa baba, maana nawajua, solo zile mnazijua kwa mdomo noti kwa noti. Hapo mtoto yuko ndani ya wimbo wa Mbaraka siku ya kwanza. Mengine yatakuja yenyewe akiwa na miaka 18 na hakuna atakayemlazimisha.

Kuhusu mwendo. Watoto wanakimbia. Wakifika sehemu wanayoijua wanaongeza kasi, wakifika penye kodi ngumu wanasimama, na wimbo unakuwa kama daladala kwenye foleni. Kuna programu za simu za kugonga mapigo, nazo ni nzuri, ila kijana anaziona baridi. Mimi nimejifunza kutoka Magharibi mwa Kenya. George Mukabi na wenzake wa mtindo wa omutibo walikuwa na gitaa kavu, lisilotumia umeme, na chupa ya soda. Mmoja anapiga gitaa, mwingine anagonga chupa kwa chuma. Basi. Mpeni mdogo wake chupa tupu na kijiko, mfundisheni kugonga sawasawa, na mpiga gitaa amfuate mgonga chupa. Kijana anaona aibu kumwacha mdogo wake njiani, kwa hiyo anapunguza. Na yule mdogo, mtaona, mwakani ndiye atakayekuja kwangu.

Chombo chenyewe sitakisemea sana, fundi yupo hapa na ataongea baada yangu. Jambo moja tu. Gitaa kavu, lile ambalo wazee wengine bado huliita galatoni, likiwa na nyuzi zilizonyanyuka mno halifai kwa anayeanza, hata kama ni zawadi kutoka kwa mjomba wa Dar. Pimeni kwenye pingili ya kumi na mbili: nafasi kati ya uzi na chuma ikizidi milimita 3, vidole vitaumia kuliko inavyostahili. Lipelekeni kwa fundi kabla hamjamlaumu mtoto kwa uvivu. Maumivu ya kawaida yapo, ncha za vidole huota sugu baada ya wiki chache, na dakika 15 kila siku zinaziotesha kuliko saa tatu za Jumamosi. Na nyuzi zipatanishwe kila siku kabla ya kuanza, hata kama hatapiga zaidi ya wimbo mmoja. Mtoto anayepigia gitaa lisilopatana anaharibu kile kile tulichosema ndicho mwalimu wake, sikio.

Niongeze kusikiliza, maana kuna nyimbo za kupiga na kuna nyimbo za kungojea. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodia, alimkuta kijana mmoja huko Katanga, Kongo, katika mji wa Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi. Kijana huyo ni Jean Bosco Mwenda. Alikuwa akipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu, na katika vidole hivyo viwili zilitoka sauti ambazo ukifumba macho unadhani ni watu wawili. Wimbo wake wa "Masanga" ulirekodiwa wakati huo. Sitampa mwanafunzi wa mwezi wa kwanza auvunje. Lakini namwekea ausikilize, kisha namwambia: gumba lako linalopiga besi hizo tatu tupu, ndilo gumba hilo hilo. Nimeona macho yanavyofunguka. Kijana anatakiwa kujua njia aliyoianza inaenda wapi, na kwamba waliotangulia mbele yake waliongea lugha yake, maana Mwenda aliimba Kiswahili.

Wazazi, mkifika nyumbani msimwite mtoto apige mbele ya wageni leo wala kesho. Ila keti naye wewe mwenyewe, jikoni, kibarazani, popote, umwimbie wimbo wake. Ukiukosea ukoseeni pamoja. Na usimuulize lini ataanza kupiga kama fulani.

Nimesema vya kutosha, na yule mama wa karatasi amengoja tangu saa kumi. Mama, njoo mbele tafadhali, na mwanao aje na gitaa lake. Umesema ameimba nyimbo mbili wiki hii akiosha vyombo. Mmoja unaujua wewe pia? Basi tuanze na huo. Naomba mtoto mdogo yeyote, wewe pale mwenye shati la njano, njoo, shika chupa hii na kijiko. Gonga taratibu, usikimbie. Kijana, weka mkono wa kushoto pembeni, leo hatuuhitaji. Uzi wa tano kwa gumba. Huo. Sasa mama, ukiwa tayari, imba.